Wimbo Unaoonyesha Njia

Fumba macho. Mwambie mwenzako apige makofi upande wako wa kulia. Hata bila kumtazama, utajua amesimama wapi. Umejuaje?

Sauti imefika kwanza katika sikio la kulia. Imefika katika sikio la kushoto baadaye kidogo sana, tena imepungua, kwa sababu kichwa chako kimeizuia. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini ubongo huitambua.

Wataalamu wameitumia tofauti hiyo kuonyesha njia. Mtu huvaa visikilizio vilivyounganishwa na chombo mfano wa simu. Chombo hicho hupokea ishara kutoka kwenye setilaiti, yaani mitambo inayozunguka dunia huko juu. Kwa ishara hizo hujua mtu yuko wapi. Mwaka 2005 wataalamu walieleza jinsi wimbo wa kawaida unavyoweza kumwongoza mtembeaji. Akitakiwa kwenda kushoto, wimbo husikika kutoka kushoto. Naye huufuata.

Kwa mtu anayeona, hiyo ni starehe tu. Kwa asiyeona ni msaada mkubwa. Lakini pana hatari. Asiyeona huvuka barabara kwa kusikiliza. Je, masikio yakizibwa na muziki, atajuaje kwamba gari linakuja?

Mwaka 2014 kifaa cha namna nyingine kilijaribiwa na watu wasioona katika mji wa Reading, Uingereza. Kifaa hicho hakikuziba masikio. Kilikaa mbele ya sikio, kikagusa mfupa, na sauti ikapita mfupani. Unashangaa? Ziba masikio yako kwa vidole, kisha gonganisha meno. Umesikia? Sauti hiyo imepita mfupani. Basi watu wale walisikia mlio wa kuwaongoza, kama unatoka mbele yao, na magari waliyasikia vilevile.

Kampuni ya Microsoft ilishiriki katika kazi hiyo. Mwaka 2018 ilitoa programu ya simu iitwayo Soundscape, yenye mlio wa namna hiyo. Mwaka 2023 iliiacha, lakini iliiweka wazi ili wengine waiendeleze.

Fimbo nyeupe haikuachwa nyumbani. Chombo huweza kukosea mahali kwa hatua kadhaa, wala hakijui kwamba jana mtu alichimba shimo njiani. Kwa hiyo anayefuata mlio huo bado hupapasa njia kwa fimbo, au huongozwa na mbwa aliyefunzwa kazi hiyo.