Moto ya okazyo Butembo: soma nambari ya shasi kabla ya kutazama rangi

BUTEMBO – Siku ya kwanza nilipotoka nyumbani kwenda kununua moto, mfukoni nilikuwa na dola 650. Kati ya hizo, 300 hazikuwa zangu. Zilikuwa za mke wangu, mgao wake wa mwaka mzima katika AVEC, kile kikundi cha kuweka na kukopa ambacho akina mama wengi wa mji huu wanakijua. Aliponikabidhi aliniambia neno moja tu: pesa hii hairudi mara mbili.

Kama wafanyakazi wengi wa Butembo, nilikuwa nimechoka kulipa motari kila siku. Mji wetu umekaa juu ya vilima, na mwandishi wa habari anaweza kuitwa Bulengera asubuhi, Kimemi saa sita, na Mususa kabla ya jua kuzama. Moto mpya ilinishinda bei. Ikabaki okazyo. Lakini nilikuwa na shida mbili: sikujua kuchagua moto, na sikuwa nimewahi kuendesha hata siku moja.

Makala hii ni ya yule aliye mahali nilipokuwa mimi: ana pesa kidogo, ana haja kubwa, na kila muuzaji anamwambia moto yake ni nzima.

Anza na ndogo

Moto nyingi za hapa kwetu ni Bajaj Boxer na TVS kutoka India, pamoja na zile za China kama Haojue. Nyingi hushuka bandarini Mombasa, hupita Kenya na Uganda, kisha huingia nchini kwa mpaka wa Kasindi. Mara moja moja utakuta pia Yamaha AG100, moto ambayo mapadri na mashirika ya misaada waliitumia sana vijijini.

Kwa anayeanza, moto ya nguvu ya 100 au 125 inatosha. Ni nyepesi, hairuki ukikosea kufungua gesi, na inakula esansi kidogo. Boxer 150 ina nguvu zaidi ya kupandisha mizigo, lakini mwanafunzi hahitaji nguvu hiyo. AG100 ni ngumu kweli, ila motere yake ni ya aina inayounguza mafuta ya kulainisha pamoja na esansi. Ukisahau kuongeza mafuta hayo, umeiua. Zaidi ya hayo, piesi za Boxer na TVS zinauzwa karibu kila mahali, na ni vigumu kukosa fundi anayezijua.

Kabla ya kuuliza bei, kaa juu ya moto. Miguu yote miwili ifike chini vizuri. Katika mji wa vilima, siku utakayosimama katikati ya mpando huku lori likinguruma nyuma yako, utaelewa kwa nini.

Fika asubuhi, moto ikiwa baridi

Nilikwenda na fundi wa mtaani kwetu. Nilimlipa mimi, si muuzaji, na hilo ni jambo la kwanza. Fundi aliyeletwa na muuzaji anafanya kazi ya muuzaji.

Fundi wangu aliweka mkono juu ya motere kabla ya kusema lolote. Alinieleza kwamba kama ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hamjafika, pengine kwa sababu inasumbua kuwaka ikiwa baridi. Moto nzima inawaka asubuhi kwa mateke mawili au matatu.

Baada ya hapo tazama moshi. Moshi wa rangi ya samawati usioisha maana yake motere inaunguza mafuta yake yenyewe: pete za pistoni zimechoka, au silinda imeliwa. Hiyo ni kazi ya pesa nyingi. Moshi mweusi ni esansi iliyozidi. Mara nyingi ni kabireta au kichujio cha hewa, na hapo unaweza kuongea bei. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi, unaopotea baada ya dakika chache, usikutie hofu.

Angalia mafuta ya motere. Yakiwa machache na meusi kama lami, ujue mwenye moto hakuitunza. Ukiyasugua kati ya vidole na kuona vumbi la chuma linang'aa, rudi nyumbani.

Shene nayo inasema ukweli. Isukume juu na chini katikati: ikicheza sentimita mbili au tatu ni sawa. Meno ya gurudumu la shene yakiwa yamepinda kama ndoano, vyote viwili vimekwisha, na utanunua vyote kwa pamoja.

Simama nyuma ya moto hatua tano, uangalie kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Yakipishana, moto hiyo ilishaanguka vibaya. Inama utazame kadri chini ya kiti. Moto zilizofanya taxi hapa kwetu zilibeba watu watatu na magunia juu yake, na kadri hupasuka kisha huungwa kwa soda. Chuma kilichoungwa hakifichiki, hata kikipakwa rangi.

Na kilomita je? Usizitegemee. Kwenye moto nyingi ndogo saa ya kilomita inaendeshwa na kamba inayotoka gurudumu la mbele. Mtu akiichomoa, moto inatembea mwaka mzima bila kuhesabu. Angalia mpira wa kukanyagia miguu na pedali ya freni. Kama saa inaonyesha kilomita elfu nane lakini mpira umelika mpaka chuma, amini mpira.

TVS nyekundu

Moto ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa TVS nyekundu, inang'aa, rangi bado inanuka. Dola 480. Iliwaka vizuri, moshi haukuwepo. Moyo wangu ulishasema ndiyo.

Nikaomba karatasi. Kijana aliyeiuza alijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mkimbizi wa vita kutoka upande wa Kirumba, na karatasi zilibaki kule.

Hapo nilinyamaza. Kusini mwa Lubero vita vimewatoa watu makwao tangu katikati ya mwaka 2024, na wengi wamefika kwetu na nguo walizovaa tu. Nimewaandika mara nyingi. Mtu anaweza kweli kuokoa moto na kuacha karatasi. Nani anakumbuka fakitiri wakati risasi zinalia?

Fundi wangu hakubishana naye. Aliomba kitambaa, akakilowesha esansi, akasafisha chuma chini ya gido, pale nambari ya shasi inapogongwa. Nambari hiyo huwa na herufi na tarakimu 17. Kwa moto iliyotengenezwa India huanza na M, kwa ya China huanza na L. Ya moto ile ilianza na M, lakini tarakimu nne za mwisho zilikuwa zimepanda juu ya zenzake, na chuma kilichozizunguka kilikuwa kimesuguliwa.

Fundi akamwambia kwa upole: mdogo wangu, twende wote polisi tuionyeshe hii nambari, kisha yaya huyu atakulipa palepale. Kijana alisema anakwenda kumwita kaka yake aje naye. Tulingoja mpaka saa saba. Hakurudi, na simu yake haikupita tena.

Sitasema kwamba kila aliyekimbia vita na kuuza moto bila karatasi ni mwizi. Ninasema kwamba huruma yako haitakuwa ushahidi mbele ya polisi. Sheria ya Congo inamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua. Na hata kama hukujua, mwenye moto akiitambua siku moja barabarani, utabaki na maneno mdomoni bila moto na bila pesa. Mtu mkweli aliyepoteza karatasi ana njia: picha ya fakitiri kwenye simu, duka alikonunua, majirani wa kwao walio hapa mjini, na utayari wa kwenda nawe polisi. Anayekubali kwenda, mpe nafasi. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Karatasi za kushika mkononi

Omba fakitiri ya kwanza ya kununua, karatasi za duane, karti rozi, na karatasi ya asiransi. Linganisha nambari ya shasi na ya motere na zile zilizoandikwa, herufi kwa herufi, bila haraka. Jina kwenye karti rozi likiwa la mtu mwingine, uliza moto ilifikaje kwa huyu anayeuza, na uonyeshwe karatasi ya mauzo yaliyotangulia.

Yenu nanyi muiandike: majina ya muuzaji na mnunuzi, nambari za karti zao za mpiga kura, aina ya moto, shasi, motere, plaki, bei, tarehe, na sahihi za mashahidi wawili. Iandikeni mbele ya kiongozi wa mtaa. Pesa itoke mfukoni baada ya sahihi, si kabla. Na dola zako ziwe safi, zisizopasuka, ili mapatano yasivunjike kwa sababu ya noti moja.

Usimalize pesa yote

Wiki mbili baadaye nilinunua Boxer 100 kwa mwalimu mmoja, kwa dola 530. Rangi yake ilikuwa imepauka na kiti kimeshonwa, lakini karatasi zote zilikuwa ndani ya bahasha moja, pamoja na daftari alimoandika kila siku aliyobadilisha mafuta. Fundi alicheka, akasema moto hii imesoma shule.

Dola 120 zilizobaki zilikwenda zote: kaske, shene mpya na meno yake, mpira wa nyuma, mafuta ya motere, na fundi mwenyewe. Anayeweka kila dola kwenye bei ya moto atapanda bila kaske na kwa mpira mtupu.

Nilijifunza kwenye uwanja wa mpira alfajiri, kabla ya watoto kufika. Siku tatu za mwanzo ilikuwa ni kuachia ambrayaji polepole na kuzima, kuachia na kuzima. Kisha mpando: freni ya nyuma ishikwe kwa mguu wa kulia, gesi kidogo, ambrayaji iachwe mpaka moto itake kwenda, ndipo mguu uinuke. Wiki ya tatu mvua ilinyesha, nikabana freni ya mbele kwenye matope, nikajikuta chini. Goti lilichubuka, na kaske ina alama mpaka leo. Kichwa hakina.

Mtu wa kumbeba nyuma angoje mpaka uweze kusimama na kuondoka kwenye mpando bila kufikiri. Na permi si ya madereva wa magari peke yao. Anayeendesha bila permi, kila kizuizi kwake ni faini au majadiliano, na katika jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, vizuizi si vichache.

Jioni niliyoileta moto nyumbani, mke wangu hakuiangalia sana. Aliomba karatasi ya mauzo, akaisoma yote mpaka majina ya mashahidi, akaiweka kwenye sanduku pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kisha ndipo akatoka nje, akazunguka ile Boxer mara moja, akauliza mimi nitamfundisha lini.