Baridi ya Kiganjo Imefungia Mtoi Kwa Hao? Jaribu Michezo Hii 6 Kabla Umpe Simu

Kama unaishi Kiganjo, hii stori unaijua. Ikifika mwezi wa saba, ukungu unashuka kutoka Mlima Kenya, saa nne asubuhi bado hujaona jua, na mtoi wako wa miaka miwili amevaa sweta tatu na bado anataka kutoka nje. Wewe una nguo za kufua, jiko la kuwasha na rumu ni moja tu. Simu inakuita: mwekee katuni, anyamaze.

Tulia kwanza. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema mtoto wa chini ya mwaka mmoja hafai kuwekewa skrini hata kidogo. Wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni poa zaidi. Tena mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kusonga mwili kila siku. Sababu ni rahisi: mtoto hujifunza kuongea kwa kujibizana na mtu. Katuni inaongea, lakini haimjibu.

Na si lazima uwe na doh. Cheki hizi:

1. Bendi ya sufuria. Mpe sufuria kuukuu na mwiko. Mpigie mara mbili, mwambie arudie. Kelele ni noma, lakini anajifunza kusikiliza na kungoja zamu yake.

2. Soksi zimepotezana. Baridi ya huku inamaanisha soksi ni mingi. Zichanganye, mwambie atafute pacha wa kila moja. Hapo anajua rangi na saizi, na wewe umepunguziwa kazi.

3. Soko la mama mboga. Panga viazi, karoti na avokado sakafuni. "Niuzie viazi viwili." Hesabuni kwa Kiswahili, kisha kwa Kikuyu: ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ. Shosho akipiga simu jioni, mtoi ana kitu ya kumwonyesha. Usitumie maharagwe ama mahindi ya githeri, kwa sababu vitu vidogo hivyo vinaweza kumkaba koo.

4. Unga wa chapati. Ukikanda, mkatie kadonge. Akifinye, akivute, atengeneze nyoka. Vidole vinapata nguvu ya kushika kalamu baadaye.

5. Treni ya Nanyuki. Reli inapita hapa hapa Kiganjo, kwa hivyo tafuta katoni dukani, mweke ndani na umsukume kutoka kitanda hadi mlango. Kila stesheni ashuke, aruke mara tatu, apande tena. Hii ndiyo itampasha joto kushinda sweta ya nne.

6. Beseni na vikombe. Maji ya uvuguvugu kidogo, vikombe viwili, amimine huku na kule. Ukimaliza, mkaushe haraka.

Sasa hapa usicheze. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, kwa hivyo usimwache na beseni hata kama mtu anabisha mlango. Mwaga maji mkimaliza, na ndoo zingine zifunikwe.

Kuhusu jiko la makaa: chora mstari wa chaki sakafuni, mfundishe hapo ni mwisho. Lakini usiuamini huo mstari, kaa katikati yake na moto. Na usifunge dirisha lote eti joto lisitoke. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamelala. Jiko litoke nje kabla ya kulala.

Usijaribu zote siku moja. Mtoto wa umri huu huchoka na mchezo mmoja baada ya dakika chache, na hiyo haimaanishi umefeli. Badilisha, kisha urudie ule wa kwanza kesho. Wao hupenda kurudia. Na ukishindwa kabisa siku moja, ukaweka katuni, kaa naye, muulize anaona nini.

Jua likitoka, hata kama ni nusu saa, mtoe nje akimbie. Ukungu hurudi.