Chambo cha Kibati Katika Maji ya Funzi

Kisiwa cha Funzi kiko kusini ya Msambweni, katika Kaunti ya Kwale, na watu huvuka kwenda huko kwa mashua kutoka Bodo. Mikoko imeota kwa wingi kandokando yake, na karibu nacho Mto Ramisi humwaga maji yake baharini. Mahali pa namna hii, panapochanganyika maji ya chumvi na maji ya mto, ndipo samaki wengi wanapokulia wakiwa wadogo, na ndipo wale wenye kuwawinda wanapokuja kutafuta riziki yao. Mmoja wa wawindaji hao ni chewa, ambaye wengi katika pwani ya Kenya humwita tewa.

Zipo njia nyingi za kumvua chewa, na iliyozoeleka ni mshipi wenye kipande cha ngisi au cha samaki. Lakini iko njia nyingine ambayo haihitaji nyama hata kidogo, nayo ni chambo cha kibati kinachozunguka.

Chombo chenyewe ni sahili. Ni waya mgumu ulionyoka, mrefu kama kidole. Juu yake hutungwa kibati chembamba chenye umbo la jani, kisha shanga, kisha kidude kizito cha shaba, na mwisho ndoana. Mvuvi akivuta mshipi, maji hukisukuma kibati kikazunguka waya upesi, kikimetameta kama ubavu wa dagaa anayekimbia. Walakini kumetameta si kazi yake yote. Kibati kikizunguka hutikisa maji, na samaki anao mstari ubavuni, toka kichwani hata mkiani, ambao kwa huo husikia mtikisiko hata asipoona kitu. Ndiyo maana chambo hiki chafaa hata maji yanapokuwa na tope kidogo baada ya mvua.

Hiki si kitu kipya duniani. Mmarekani Julio Buel alipewa hati ya serikali kwa chambo chake cha kibati mwaka 1852, na mwaka 1938 Mfaransa André Meulnart alianza kutengeneza kile kizungukacho juu ya waya kiitwacho Mepps, ambacho baada ya Vita Kuu ya Pili kilienea sana Marekani. Huko hupendwa kwa kumvua samaki wa maji baridi aitwaye besi, yule yule aliyeletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929. Wavuvi wa pwani nao wamejua siku nyingi ya kuwa samaki hudanganyika, maana wanaorambaza nguru, yaani kuvuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, hufunga manyoya au kitambaa badala ya nyama.

Besi na chewa si ndugu wa karibu, lakini tabia zao zafanana. Wote wawili hujificha penye kivuli, hungoja, kisha hutoka ghafula na kumeza. Tofauti ni kwamba chewa akiisha kumeza hurudi shimoni mara moja, na katika mikoko shimo ni mizizi iliyojaa chaza wenye makali kama wembe. Mvuvi akimwachia mshipi hata pima moja, samaki amekwenda, na chambo kimekwenda naye. Hasara hiyo si ndogo kwa mwenye mtumbwi. Chambo cha dukani kikipotea katika mzizi, huenda faida ya asubuhi nzima imepotea pamoja nacho.

Saa iliyo bora ni ile maji yanapoanza kutoka. Maji yakijaa, dagaa na kamba huingia katikati ya mizizi wakawa salama. Yakitoka, hulazimika kupita katika vijito vyembamba, na chewa huwangoja mlangoni. Mvuvi hukaa katika mtumbwi, akatupa chambo kukata mkondo, akakiacha kizame kidogo, ndipo avute polepole na kwa mwendo mmoja. Akivuta upesi mno, chambo huelea juu. Akilegea, kibati huacha kuzunguka. Siku za bamvua mkondo huwa mkali, na hapo kibati chembamba kirefu ni bora kuliko kipana, kwa sababu huzama zaidi. Kushuka majini ili kutupia karibu si busara, hasa upande wa Ramisi, kwa kuwa mto huo una mamba.

Yako mambo mengine ya kuangaliwa. Chambo hiki husokota mshipi, kwa hiyo yafaa kufunga mbele yake kiungo kidogo cha shaba kinachozunguka peke yake. Mzia naye hupenda sana kitu king'aacho, na meno yake hukata nailoni mara moja. Penye mzia, shibiri moja ya waya yatosha. Na kila jioni chambo kioshwe kwa maji baridi, kikaushwe, kipakwe mafuta, ama chumvi itakila.

Kibati hakiwezi kushindana na wavu kwa wingi wa samaki, na anayeahidiwa hivyo anadanganywa. Ubora wake ni mwingine. Nyavu za kukokota, ambazo Kenya ilizipiga marufuku mwaka 2001, huzoa wakubwa na vitoto pamoja. Kwa chewa madhara hayo ni makubwa, maana chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao wakiisha kukua sana hugeuka kuwa madume. Anayechukua vitoto huchukua majike kabla ya kutaga. Anayechukua majitu peke yake huchukua madume. Mwenye kibati aweza kuchagua, mradi aiondoe ile ndoana ya makucha matatu inayouzwa pamoja nacho na kutia ndoana moja tu. Ndoana moja hunasa mizizi mara chache zaidi, tena hutoka kinywani upesi. Chewa mdogo aliyeshikwa kwa mkono uliolowa, akatolewa ndoana kwa koleo hapo hapo ubavuni mwa mtumbwi, huwa amerudi mizizini kabla mshipi haujatupwa tena.