Moshi wa Gari na Kopo la Chokaa

Siku chache zilizopita tulioneshwa, hapa Tudor, chombo alichokiunda kijana mmoja dereva wa teksi. Ni kopo la chuma lililofungwa kwenye ekzosi, ndani yake maji ya chokaa na vipande vya makaa. Moshi huingia kwa chini, hububujika majini, kisha hutoka. Baada ya siku mbili maji huwa meusi kama wino. Si ajabu ufundi kuchipuka Tudor, mtaa ilikojengwa MIOME kuwafunza vijana wa Kiislamu kazi za mikono, na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Nia ya kijana twaisifu. Mtoto asimamaye langoni mwa madrasa, pua yake i karibu na bomba la gari kuliko pua ya mamake. Na kuondoa udhia njiani ni katika imani.

Lakini nia njema haibadili hesabu. Masizi hunaswa kiasi. Kaboni monoksidi, gesi iuayo bila rangi wala harufu, haiyeyuki majini ila kidogo mno. Kaboni dioksidi hunaswa na chokaa, lakini lita moja ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za gesi hiyo, na kuinasa yote kwahitaji karibu kilo 4 za chokaa. Nasi watu wa nyumba za mawe twajua chokaa itokako: mawe huchomwa tanuuni, na gesi ile ile hutoka humo. Litutishalo zaidi ni kuwa maji huzuia moshi, injini ikakabwa, na penye tundu bombani sumu ikapanda walipoketi abiria.

Chombo cha kazi hii kipo. Mhandisi Mfaransa Eugene Houdry alikishughulikia huko Marekani miaka ya 1950. Mafundi wetu hukiita masega, kwani ndani mna vijitundu kama vya nyuki, vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu. Yakipata moto wa kutosha, hugeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, isiyo na sumu kali kama hiyo. Yakiwa baridi hayafai kitu. Kwa hiyo, akina mama, safari fupi ya kumpeleka mtoto chuoni huenda ikaisha kabla hayajaanza kazi. Kwa miguu ni bora. Risasi iliyotiwa petroli ilikuwa ikiyaharibu, hadi ilipoondolewa nchini Kenya mwanzoni mwa 2006.

Sasa msiba ni kwamba wako wanaoyakata na kuyauza, wakidai gari litakuwa jepesi. Kuyatoa bila kumweleza mwenye gari ni khiyana. Kuyauza kwa hiari ni kuwalisha majirani sumu kwa malipo.

Tulimshauri kijana apeleke gari likaguliwe chini. Penye masega palikuwa na bomba tupu lililochomelewa. Alilinunua hivyo hivyo.

Kopo amelifungua. Amebadilisha plagi na kichujio cha hewa, akingoja abiria huzima injini, na fedha za masega anadunduiza.