Je, ndugu wa kiapo hubebana?

Hapa Likasi, Katanga, kijana akipata kazi kiwandani wakati wenzake wenye diploma hiyohiyo bado wanazungusha barua, maelezo hayakawii: ana piston, yaani mtu wa kumsukuma, au kuna mkubwa wake "aliyeingia". Kuingia ni kuingia Rose-Croix au Frimasoni. Watu husema hivyo kwa uhakika wa aliyefungua faili akaona. Mimi nalichukulia swali hilo kwa uzito, kwa sababu anayekosa kazi bila kuambiwa sababu ana haki ya kutafuta sababu.

Katanga ilikuwa na vyama vya siri kabla ya viwanda. Katika nchi ya Baluba, kaskazini kuelekea ziwa Upemba, Mbudye iliwaunganisha watu wa koo mbalimbali kwa mafundisho ya ngazi kwa ngazi. Waliofika juu walisoma lukasa: kibao cha mti kinachoshikika mkononi, kimepangwa shanga na kauri, ambacho msomaji hukipapasa kwa ncha za vidole huku akisimulia wafalme na safari zao. Mwanachama akiwa mbali na kwao alipata pa kulala na watu wa kumsimamia. Huo ni upendeleo, tuuite hivyo. Lakini kumbukumbu ya Mbudye ilikuwa pia kizuizi kwa mfalme mwenyewe, maana haki yake ya kutawala ilisimama juu ya yale wanachama waliyoyahifadhi. Na watu waliwajua, kwa kuwa ngoma zao zilichezwa mbele ya wote. Kilichofichwa ni mafundisho, uanachama haukufichwa.

Wabelgiji walikuja na loji zao za Frimasoni. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa na loji ya Ère Nouvelle tangu miaka ya mwanzo ya mji. Upande wa pili alisimama Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyefika Katanga mwaka 1910 na kuliongoza Kanisa huko hadi kifo chake mwaka 1958. Kambi hizo mbili zilituhumiana: hawa wanapeana vyeo serikalini, wale wameshikana mikono na kampuni. Kwa mfanyakazi mweusi wa Jadotville, jina la Likasi wakati huo, ugomvi huo haukubadilisha posho hata kidogo. Vyeo na mishahara ya Union Minière, kampuni ya madini, vilipangwa kwa rangi, waziwazi. Wafanyakazi walipogoma Desemba 1941 kudai nyongeza, walipigwa risasi, hapa mjini na Élisabethville. Upendeleo mkubwa kuliko wote uliowahi kutawala mji huu haukuhitaji kiapo wala chumba cha giza.

Hata hivyo ushahidi wa loji kubebana upo, na ulio wazi kabisa unatoka Ufaransa. Jenerali Louis André, waziri wa vita, alitaka jeshi lenye maofisa waaminifu kwa jamhuri. Ofisi yake ikaomba habari kwa loji za Grand Orient, shirikisho la Wafrimasoni huko, na wanaloji nchini kote wakajaza maelfu ya kadi: ofisa fulani huenda misa, mke wake ni mcha Mungu, watoto wake wanasoma kwa masista. Kadi hizo zilitumika kuamua nani apande cheo na nani asahauliwe. Mwaka 1904 karani mmoja wa Grand Orient, Bidegain, alizitoa nje, zikasomwa bungeni, na André akalazimika kujiuzulu. Ofisa aliyenyimwa cheo alikuwa hajui kwamba kuna kadi, wala nani ameiandika, kwa hiyo hakuwa na pa kukatia rufaa. Siri huongeza hilo juu ya upendeleo: humnyima aliyeumizwa mlango wa kubisha.

Lakini siri siyo inayouzaa upendeleo. Henri Tajfel, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, alichapisha mwaka 1970 majaribio aliyoyafanya na wavulana wa shule. Aliwaambia baadhi kwamba wameonekana kupenda michoro ya mchoraji Klee, wengine ya mchoraji Kandinsky; kwa kweli aliwagawa ovyo tu. Kisha kila mmoja akagawia wengine pesa kidogo, bila kujua ni nani hasa anayempa. Waliwapendelea wa kundi lao. Tena mara nyingi walichagua kundi lao lipate pungufu, mradi lile lingine lizidiwe. Hapakuwa na kiapo, hapakuwa hata na urafiki. Basi waliosoma shule moja, wanaosali kanisa moja au waliotoka kijiji kimoja watafanya vivyo hivyo, na mara nyingi zaidi, kwa kuwa wao ni wengi kuliko Wafrimasoni.

Hapa sina budi kutaja mwaka 1992. Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, waliletwa Katanga na Union Minière na reli tangu miaka ya 1920, na watoto na wajukuu wao wengi walikuwa makada wa Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière. Gavana Kyungu wa Kumwanza na chama chake cha UFERI walihubiri kwamba hao wanabebana na wamewanyang'anya Wakatanga nafasi zao. Vijana wa chama wakapita nyumba kwa nyumba kuwafukuza Wakasai. Familia zililala kwenye stesheni ya Likasi kungoja treni ya Kasai, na watoto walifia hapo. Waliofukuzwa walikuwa pia mafundi cherehani, walimu, wauza unga, watu ambao maishani mwao hawakuwahi kumwajiri mtu yeyote. Tuhuma ilielekezwa kwa kundi zima, na hakuna aliyechunguza hata uamuzi mmoja wa kuajiri.

Kwa hiyo nashauri tuchunguze uamuzi, si uanachama. Tuseme ni nafasi ya fundi umeme kiwandani Shituru. Je, tangazo lilibandikwa, na kwa siku ngapi? Nani walikaa kwenye jopo, na je, waliandika kabla ya usaili kwamba mgombea fulani ni shemeji, mwanafunzi wa zamani au ndugu wa chama? Aliyefuata kwa alama ni nani, na aliambiwa nini? Wajumbe wa sendika wanaweza kuyadai majibu hayo kwenye vikao vyao na wakurugenzi, kwa maandishi, bila kumuuliza mtu anasali wapi wala ameapa nini.