Majina ya Miji Yetu (2): Kisangani, Stanley na Mawe ya Mtoni

Hadi mwaka 1966, barua ya kwenda Kisangani iliandikwa Stanleyville juu ya bahasha. Mwaka huo serikali ya Mobutu nchini Kongo iliyafuta majina ya kikoloni ya miji mikubwa: Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani. Kwa watu wa Tshopo, mkoa wenye mji huo, hata hivyo, hilo "ikawa" lina walakini. Wafanyabiashara Waswahili wa enzi ya Tippu Tip walikuwa wakipaita Kisangani tangu karne ya 19, na wasemaji wa Kilingala walikuwa na Singitini yao. Kilichobadilika ni karatasi za serikali.

Katika Kiswahili cha Kongo, kisanga ni kisiwa. Tia -ni mwishoni, kama katika Mtoni au Kisiwani, upate mahali penye kisiwa. Msomaji wa Mombasa atatabasamu, maana kwake kisanga ni mkasa. Na kweli mji uliopiganiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda mwezi Juni 2000 umeonja visanga vya kutosha. Lakini asili ya jina ni kisiwa, na visiwa vipo. Stanley mwenyewe, yule mpelelezi ambaye Stanleyville ilibeba jina lake, alipofika tena mwishoni mwa mwaka 1883, kituo chake cha kwanza alikiweka kisiwani, karibu na maporomoko, akamwachia fundi mmoja Mskoti akilinde.

Na hilo jina Stanley? Mwenyewe hakuzaliwa nalo. Alizaliwa Wales mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, kisha akajitwalia jina la mfanyabiashara mmoja wa New Orleans. Zamani zaidi, kabla halijawa la ukoo, lilikuwa jina la vijiji vya Uingereza. Waanglo-Saksoni, waliohamia kisiwa cha Britania kuanzia karne ya 5, waliliunga kwa maneno mawili: stan, yaani jiwe, na leah, yaani mahali peupe palipofyekwa msituni. Wabelgiji wakabandika ville, mji kwa Kifaransa. Kwa hiyo jina lililokusudiwa kumtukuza mtu mmoja lilikuwa, ndani yake, likitaja msitu na mawe. Kwa bahati tu, likasadifu: Kisangani imezungukwa na msitu, na mto wake umejaa miamba.

Miamba hiyo ndiyo inayowalisha Wagenia, wavuvi wa hapo. Hukita magogo marefu katikati ya maji yaendayo kasi, huyafunga kwa kamba za mimea itambaayo ya msituni, kisha huning'iniza mitego ya kusuka, mipana mdomoni na myembamba mkiani, mkondo uwaingize samaki wenyewe. Wao hujiita Enya; Wagenia ni jina lililopita vinywani mwa wageni, likiwa na wa- ya Kiswahili mbele. Waanglo-Saksoni nao walikuwa na kiungo cha namna hiyo, ila walikiweka nyuma: -ingas, watu wa fulani. Hastings ni watu wa Hæsta, Reading ni watu wa Reada, na Birmingham ni makazi ya watu wa Beorma. Msemaji wa lugha ya Kibantu hahitaji kufundishwa mantiki hiyo.

Maporomoko yenyewe, saba kwa jumla, yametawanyika kwenye mto kwa takriban kilometa 100 kutoka Ubundu, zamani Ponthierville. Nayo yaliitwa kwa jina la Stanley. Leo ni Boyoma.

Limebaki Tshopo, ambalo ni mto, komini na, tangu mwaka 2015, mkoa. Hapa mkoloni hakubadilisha jina, alibadilisha tahajia: tsh ni ch iliyoandikwa na sikio la Kifaransa. Mswahili angeandika Chopo bila kusita, lakini mihuri ya ofisi imeshazoea.

Sehemu ijayo itahusu komini za mji: Makiso, Mangobo, Kabondo na Lubunga. Msomaji mwenye mzee nyumbani anayekumbuka mitaa hiyo iliitwaje kabla ya 1960 amuulize sasa, ayaandike majina hayo, na aandike pia nani alimwambia.