Nani Alimfunda Rosa? Msichana na Safari ya Kuelekea Utu Uzima katika Fasihi ya Kiswahili

Wanafunzi wengi wanaposoma riwaya ya Rosa Mistika kwa mara ya kwanza hutoa hukumu moja: Rosa alipotoka kwa sababu ya tamaa. Hukumu hiyo hujitokeza katika insha, hujitokeza katika mijadala ya darasani, na mara nyingine hupewa alama nzuri. Makala haya yanapendekeza swali jingine la kuanzia, nalo ni hili: Rosa alifundwa na nani?

Kabla ya kulijibu, tuyatazame maneno yenyewe. Hapa Uganda wanafunzi wetu hulitumia neno "msichana" kwa kila hali. Kiswahili cha pwani kina ngazi zaidi. Kigori ni msichana ambaye bado hajabaleghe. Akivunja ungo, yaani akipata hedhi ya kwanza, huwa mwari (wengine husema mwali), na neno hilohilo humhusu pia bibi harusi. Kwa desturi ya unyago, mwari hutiwa ndani, hufundwa, huchezwa ngoma, kisha hutolewa. Baadaye huposwa na kuolewa. Walimu wa sarufi wataona jambo hapo: isipokuwa kuvunja ungo, ambako ni kazi ya maumbile, vitenzi vyote hivi viko katika kauli ya kutendwa. Safari nzima ya kuwa mwanamke inasimuliwa kama jambo ambalo msichana anafanyiwa na wengine. Kwa maoni yangu, huu ni ufunguo mzuri wa kuingilia kazi zinazomhusu msichana. Tuulize kila mara: ni wapi anatenda, na ni wapi anatendwa?

Anayemfunda mwari ni kungwi, au somo. Kamusi hueleza kungwi kwa maneno mengi, lakini ukimwambia mwanafunzi wa Kiganda kwamba kazi yake inafanana na ya ssenga, anaelewa papo hapo. Tofauti ipo, bila shaka: ssenga ni dada yake baba, ilhali kungwi si lazima awe na udugu na msichana. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana ulimwenguni kwa taarabu, lakini kwao alijulikana vilevile kwa ngoma na mafunzo ya unyago.

Ushahidi mkongwe wa mafunzo ya aina hii katika maandishi ni Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, anamwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi, amkalie karibu amwusie. Wahakiki wamebishana sana kuhusu utiifu kwa mume unaosisitizwa humo. Wapo wanaoona mwanamke anayemkabidhi binti yake minyororo. Wapo wanaoona mama mwerevu anayemwonyesha mwanawe namna ya kuishi salama katika ulimwengu usiokuwa wake. Mjadala huo ni wa haki. Lakini tusipitwe na jambo la kwanza kabisa: hapa kuna mwanamke anayezungumza na msichana. Ukubali au uukatae wosia wake, Mwana Hashima hakuingia katika utu uzima gizani.

Sasa tumrudie Rosa. Euphrase Kezilahabi alichapisha riwaya hii mwaka 1971, na mandhari yake ya mwanzo ni Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwandishi. Kwa muda haikuruhusiwa katika shule za Tanzania. Baadaye ikawa kitabu cha kiada. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi. Anapogundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na kijana Charles, anampiga vibaya. Mafunzo ambayo baba anampa Rosa kuhusu wanaume ni kipigo hicho. Mama yake, Regina, ni mpole na mvumilivu, naye pia anapigwa, na upole wake haumpi binti maneno ya kumsaidia. Rosa anaondoka nyumbani kwenda shule ya bweni akiwaogopa wavulana, na woga si maarifa. Woga ukiisha hakuna kinachobaki mahali pake. Wanaume wenye vyeo, akiwemo mkuu wa chuo chake cha ualimu, wanamkuta bila kinga. Charles anapotaka kumwoa, kisha akagundua kwamba si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Anayesema "tamaa" hajakosea kabisa, kwani mwandishi hakumfanya Rosa malaika. Ila jibu hilo linawaacha nje Zakaria, mkuu wa chuo na Charles. Tena kuna wasichana darasani wanaolisikia jibu hilo likisifiwa na mwalimu wao. Wengine wametoka katika nyumba kama ile ya Zakaria. Wanajifunza nini kutokana na alama tunazotoa?

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ukuta ni wa mawe hasa. Bwana Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani. Ukitazama kijuujuu utadhani Maimuna ni mwari aliyetiwa ndani kwa mujibu wa mila, kumbe siyo. Mwari wa unyago hutiwa ndani ili afundwe na kisha atolewe. Maimuna amefungiwa tu. Maksuudi ameitwaa sura ya mila akaitupa maana yake. Maimuna anapotoroka, kitenzi kinageuka kuwa cha kutenda, na msomaji anafurahi kwa muda mfupi. Huko mjini anapokelewa na Bi Kirembwe, mwanamke mtu mzima anayemfundisha mapambo na kuimba ili amtumie kibiashara. Huyu ni kungwi wa kinyume. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema riwaya hii inashutumu wanaume peke yao.

Tusiupambe unyago kupita kiasi. Mafunzo yake mengi yalilenga kumridhisha mume, na katika baadhi ya jamii jando la wasichana liliambatana na kisu. Muthoni, katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda, anaamua mwenyewe kutahiriwa ili awe mwanamke kamili wa jamii yake bila kuuacha Ukristo. Anatenda, na uamuzi huo unamuua. Wanafunzi wetu wanaotoka Kapchorwa, ambako ukeketaji ulikuwa desturi hadi sheria ya mwaka 2010 ilipoupiga marufuku nchini kote, huwa na mengi ya kusema kuhusu Muthoni wakipewa nafasi. Wapewe nafasi, wasilazimishwe.

Jambo jingine la kuwakumbusha wanafunzi ni kwamba Kezilahabi, Mohamed na Ngũgĩ wote ni wanaume. Kazi za Zainab Burhani na Clara Momanyi zisomwe sambamba na zao, ili darasa lilinganishe msichana anayetazamwa na msichana anayetazama.

Kwa walimu watakaofundisha Rosa Mistika muhula huu, zoezi hili linafaa kwa vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, kila mwanafunzi aandike maneno ambayo Regina angemwambia Rosa usiku wa kuamkia safari ya shule, yasizidi ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mama wa kijijini angekitumia. Wavulana nao waandike. Katika kipindi cha pili, wabadilishane karatasi, na kila mmoja amjibu Regina kwa sauti ya Rosa.